Mashudu ya mwarobaini kwa minyoo fundo, nimeyatumia msimu mzima

Wakulima wenzangu wa nyanya, hii naiandika kwa kirefu maana mwaka jana kiukweli nililia. Nina robo eka Mlali huku Morogoro, udongo wa kichanga. Nyanya zikawa zinanyauka saa sita mchana, jioni zinaamka, kesho yake hivo hivo. Duka nililokimbilia wakaniuzia dawa ya ukungu, nikapiga mara tatu, hela ikaisha mnyauko uko palepale. Kuja kung'oa mche mmoja, mizizi imevimba kama tangawizi. Na sio vile vinundu vya maharage ambavyo ukikwangua kwa kucha vinabanduka, hapa ni mzizi wenyewe umevimba.

Kijana mmoja aliyesoma SUA, chuo kikuu cha kilimo hapa Morogoro, ndo akanambia mama hao ni minyoo fundo, wamo ndani ya mizizi, jike mmoja anataga mayai mia kadhaa na udongo ukiwa na joto ndani ya kama mwezi kizazi kingine kimeshatoka. Na mimi miaka yote nilikuwa napokezanisha nyanya na bamia nikijua nabadilisha zao, kumbe bamia nayo wanaipenda sana, nilikuwa nawalisha tu.

Basi msimu huu nikachukua mashudu ya mwarobaini, yale makapi yanayobaki wakishakamua mafuta ya mbegu. Mifuko mitatu ya kilo 50. Nikaweka konzi moja kila shimo, nikachanganya na udongo, nikamwagilia, nikakaa wiki mbili ndo nikahamishia miche. Msiruke hizo wiki mbili, mashudu yakiwa mabichi yanaweza kuunguza mche. Mzigo ukaniishia yakiwa yamebaki matuta mawili, nikayapanda hivo hivo bila kitu.

Siku ya 60 nikang'oa miche mitatu kila upande nikaiosha kwenye ndoo. Penye mashudu mizizi mirefu, myeupe, ina vinyweleo, vinundu vipo ila vidogo vya kuhesabu. Yale matuta mawili mizizi mifupi minene, imeanza kuoza kwa chini. Matuta hayo yameishia mchumo wa tatu, kwingine mpaka leo nachuma.

Sasa kasoro. Minyoo hawaishi, wanapungua, anayekwambia wanaisha anakudanganya. Ukishaona mmea umenyauka umechelewa, hii ni ya kuweka kabla. Ni mzigo mzito, kwa eka nzima jipange na usafiri na vibarua. Halafu kuna ya kuchakachua, mfuko mmoja nilioongezea duka jingine ulikuwa hauna harufu kabisa nikaurudisha. Ya kweli ukishika kiganjani yananuka kama kitunguu swaumu kilichooza na mkono unabaki na mafutamafuta, ukigusisha ulimini ni uchungu wa mwarobaini ule ule tunaoujua toka utotoni.

Na msiyategemee yenyewe peke yake jamani. Kipande cha juu nimepanda marejea, ule mmea wa jamii ya kunde wa kurutubisha udongo, minyoo wakiingia kwenye mizizi yake hawazaani vizuri, na ukiyalaza chini yakianza kutoa maua unapata na mbolea. Miche nayo oteshea kwenye trei na udongo safi, usije ukawabeba mwenyewe kutoka kitaluni.

Mimi nayapa nne kwa tano. Mfuko wa nne nimeshaulipia, ni wa yale matuta mawili.