Kupima mlango wa kizazi kwa siki Mwanza: huduma nzuri, ila kagua taa, saa na mtungi wa gesi

Huduma tunayoipima hapa ni uchunguzi wa mlango wa kizazi kwa siki, unaofanyika kwenye kliniki za afya ya uzazi na mtoto, kwenye CTC (kliniki za tiba kwa wanaoishi na VVU), na siku za kambi hadi mialoni wanakotia nanga wavuvi. Tunaipendekeza. Ni ya haraka, majibu unayapata kabla hujavaa viatu, na inaona mabadiliko miaka mingi kabla hayajawa saratani. Lakini chumba na chumba havilingani, na tofauti hiyo huwezi kuiona ukiwa kwenye benchi la kusubiria.

Walengwa ni wanawake wa miaka 30 hadi 50 wasio na dalili yoyote. Anayeishi na VVU anaanza akiwa na miaka 25, na anarudi mapema zaidi kuliko mwenzake ambaye akikutwa salama hupangiwa miaka 3. Usiende ukiwa kwenye siku zako. Siku 2 kabla, usijisafishe ukeni wala kuweka dawa ya kuingiza. Vaa sketi au beba kanga, utajisitiri bila kuvua kila kitu.

Kitandani mambo ni haya: mhudumu anaingiza spekulamu, kifaa cha kufungua uke ili mlango wa kizazi uonekane, anafuta ute kwa pamba, anapaka siki ya asilimia 3 hadi 5, kisha anasubiri dakika 1 kamili. Seli zilizoanza kubadilika zinageuka nyeupe. Weupe mzito, wenye ukingo unaoonekana wazi, ulioshika pale wekundu wa ndani unapokutana na upinki wa nje, ndio unaoitwa chanya. Chanya si saratani. Hili lisemwe kwa sauti kwenye kila kliniki, maana wapo wanaolisikia neno hilo wakaondoka wakilia na wasirudi kutibiwa, ilhali hatua hiyo ndiyo iliyo rahisi kuliko zote kuiponya.

Penye kasoro kubwa ni ile dakika. Foleni ikiwa ndefu, mhudumu anapaka na kuchungulia papo hapo, weupe haujapata muda wa kujitokeza, mama anaambiwa yuko salama. Chumba kizuri kina saa ukutani na inatazamwa. Kasoro ya pili ni mwanga: tochi ya simu haifai kwa kazi hii, na taa ya njano hufanya weupe hafifu upotee. Inatakiwa taa nyeupe, yenye nguvu, na betri ya akiba umeme ukikatika. Siki yenyewe haina siri. Ya dukani yenye asilimia 5 inafanya kazi sawasawa na wala si dalili ya uduni. Hatari iko pale inapochanganywa kutoka asidi kali ya maabara. Kipimo ni mililita 5 za asidi kwa mililita 95 za maji, na ichanganywe upya kila siku. Kuwashwa kidogo ni kawaida. Ukihisi unaungua, sema hapo hapo.

Sasa swali tunaloliona zito kuliko yote, uliza kabla hujapanda kitandani: nikikutwa chanya, natibiwa leo au napewa rufaa? Kwa mama aliyetoka kisiwani Ukerewe kwa meli, aliyeacha dagaa wake juani, rufaa ya wiki ijayo mara nyingi ni rufaa ya kutokwenda kabisa. Alama za juu tunazipa vituo vinavyopima na kutibu siku moja.

Tiba hiyo ni ya aina mbili. Ya kugandisha inatumia mtungi wa gesi: kugandisha dakika 3, kuachia dakika 5, kugandisha tena dakika 3. Udhaifu wake ni mtungi. Presha ikishuka, barafu haifiki kina kinachotakiwa na seli mbovu zinabaki chini, ingawa kwa juu kazi inaonekana imekamilika. Ya joto inatumia kichwa cha chuma chenye nyuzi 100 au zaidi kwa sekunde chache tu, na mashine zake zipo za betri. Kwa visiwani tunaiona bora, kwa kuwa hakuna mtungi wa kuvusha. Zote mbili hazifai kama weupe umeingia ndani ya mfereji wa mlango wa kizazi, umefunika zaidi ya robo tatu ya mlango, au kuna shaka ya saratani yenyewe. Hapo lazima rufaa.

Baada ya tiba utatokwa na majimaji kwa wiki kadhaa. Hiyo ni kawaida. Usifanye tendo la ndoa kwa wiki 4 hadi 6, au kondomu itumike, hasa kama wewe au mwenzako ana VVU, kwa sababu kidonda kinapitisha virusi kwa urahisi. Homa, maumivu makali au damu nyingi, rudi siku hiyo hiyo.

Huduma hii haiwafai wote. Aliyekoma hedhi, ule mpaka wa wekundu na upinki unakuwa umejificha ndani, siki haimwonyeshi chochote cha kuaminika. Kipimo cha HPV, kirusi kinacholeta saratani hii, kinamfaa zaidi pale kinapopatikana. Na mwenye dalili asipange foleni ya siki kabisa. Damu baada ya tendo la ndoa, damu katikati ya mwezi, damu baada ya kukoma hedhi, uchafu wenye harufu kali au wa damudamu: huyo anamhitaji daktari na kuchukuliwa kinyama, yaani kipande kidogo cha kupimwa maabara. Ukanda wetu una jambo la kuchanganya hapa. Kichocho cha mkojo, kinachopatikana zaidi kwenye malambo na mabwawa ya bara kuliko ziwani penyewe, kinaweza kuacha mabaka mlangoni na kutoa damu pia. Mweleze daktari ulikokulia na maji uliyokuwa ukioga, lakini usikubali kupewa vidonge vya kichocho tu na kurudishwa nyumbani bila kuangaliwa.

Rufaa nyingi za Kanda ya Ziwa huishia Bugando, hospitali ya kanda iliyopo Mwanza, ambako kuna kitengo cha saratani chenye mionzi, kwa hiyo si lazima tena kila mgonjwa asafiri hadi taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Kinyama kikichukuliwa mbali na maabara, hakikisha kimezama kwenye formalini (dawa ya kukihifadhi) ya kutosha, takriban mara 10 ya ujazo wake, la sivyo kinaoza njiani na unarudia upya. Chupa iandikwe jina lako mbele yako, kifuniko kikiwa kimekazwa. Kabla hujaondoka, omba tarehe ya majibu na namba ya simu ya kitengo, uiandike nyuma ya kadi.