Gesti ya vyumba vichache: Bagamoyo au Tanga mjini?

Swali hili hurudi kila mtu anapopata kiinua mgongo.

Bagamoyo iko kama kilomita 70 kutoka Dar es Salaam, na ukaribu huo ni neema na taabu kwa pamoja. Ijumaa jioni magari yanamiminika. Idi, Pasaka, mwisho wa mwaka na tamasha la TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapohapo, vyumba hujaa. Jumatatu umebaki na mlinzi wako. Wengine hawalali kabisa: wanaona magofu ya Kaole, wanakula samaki, jioni wanarudi Dar. Masika, Machi hadi Mei, ndiyo inayonipa hofu zaidi, maana mishahara ya wafanyakazi haingoji mvua iishe. Hata hivyo mkoa wa Pwani umekua mno: watu milioni 1.1 hivi mwaka 2012, zaidi ya milioni 2 mwaka 2022. Wateja wa harusi na semina wanasogea.

Tanga haina kishindo hicho. Mgeni wake anakuja kwa kazi: bandari, saruji, mkonge, bomba la mafuta linaloishia Chongoleani. Analala Jumanne, anataka risiti na chai ya mapema. Kwa uhakika wa mapato, Tanga inashinda; kwa bei ya usiku mmoja wa sikukuu, Bagamoyo.

Matunzo ni yaleyale, chumvi ya bahari inakula mabati na bawaba kote.

Mwenye mkopo wa kila mwezi ningemwelekeza Tanga. Mwenye kazi Dar na pesa yake mwenyewe, Bagamoyo anaifikia kila wikiendi.