Unataka kulala Amani uone ndege? Hela yako iweke hapa

Kila likizo ikikaribia watu wa Tanga mjini wananiuliza, nikienda Amani, ule msitu wa hifadhi kule Usambara Mashariki juu ya Muheza, nilale wapi, af swali la pili tu ni waifai na maji moto. Sasa jamani kama shida yako ni ndege, unachokilipia ni kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa tatu asubuhi, ukiwa umeshafika msituni. Kwa hiyo mi napanga kwa kuangalia kitanda kiko karibu na miti kiasi gani, starehe inafuata.

Namba moja ni resti hausi ya hifadhi kule juu Amani kwenyewe, mita kama 900 hivi. Vyumba vya kawaida tu, usitegemee mbwembwe, ila ukifungua mlango uko kwenye maeneo ya ile bustani ya mimea Mjerumani aliyoianzisha 1902, na pembezoni pale ndo patamu. Kuna kandege ka kijivu, mdomo mrefu, kanapenda majani yanayotambaa ukingoni mwa msitu, jina lake la kitaalamu linambeba Moreau, yule Mwingereza aliyefanya kazi kituo cha utafiti cha Amani enzi za mkoloni, na dunia nzima kanapatikana Usambara Mashariki na kaskazini ya Msumbiji, basi. Wageni wanapanda ndege toka Ulaya kuja kukatafuta, we uko Muheza unalalamika nauli! Shorobo nao wapo, na hondohondo hao utawasikia kabla hujawaona, mabawa yanavuma kama feni mbovu.

Namba mbili, Emau Hill. Hii ni kambi ya binafsi, haiko mbali na Amani, inabidi ujipange zaidi kihela, lakini mkiwa familia au umemleta mama mkwe ambaye hataki shida, mpeleke huku, nyie mtoke alfajiri yeye abaki na chai yake.

Resti hausi ya Sigi nimeiweka ya tatu na najua kuna watu watabisha. Iko chini getini, kuna joto kidogo kuliko juu, usafiri rahisi maana hupandi ule mlima wa kona, na jengo la stesheni ya reli ya Mjerumani bado lipo. Ila miezi ya baridi, Juni mpaka Agosti, mpangilio wangu unageuka kabisa, kwa sababu baadhi ya ndege wa juu wanashuka kukimbia baridi, kwa hiyo miezi hiyo Sigi naipa namba moja bila kusita.

Lushoto je? Pazuri, hoteli nyingi, lakini ile ni Usambara Magharibi, msitu wa Magamba una ndege wake ambao Amani huwapati, so usiende Lushoto ukimtafuta kandege ka Moreau. Ifanye safari nyingine.

Ya mwisho kabisa ni kulala Muheza mjini na kupanda asubuhi. Rahisi kweli, lakini barabara ni ya vumbi, kuna masafa ya kilomita thelathini na kitu, ukifika jua limeshawaka na ndege wameshanyamaza. Hapo umenunua usingizi tu.

Popote utakapolala, mwombe mwongoza wageni wa pale hifadhini, sikio lake lina thamani kuliko darubini yako. Darubini yenyewe chukua 8x42, yaani inakuza mara nane na kioo cha mbele ni milimita 42, msituni kuna giza na hizi zenye kukuza sana zinatingisha picha. Sweta, buti, taa, na suruali uichomeke kwenye soksi, siafu hawana undugu. Masika, Machi mpaka Mei, epuka kama gari yako ni ya chini. Kitambulisho cha taifa usisahau, Mtanzania analipa kiingilio kidogo kuliko mgeni, malipo ni kwa kontrol namba, so piga simu hifadhini mapema, wikiendi ndefu vyumba vinaisha.