Saa janja kwenye mkono wa mtu wa miaka 52

Saa hii naipenda, kwa hiyo nitaisema bila kuionea. Ni saa janja ya daraja la kati: inahesabu hatua, inapima mapigo ya moyo, inafuatilia usingizi. Chapa sitaitaja, maana karibu zote za aina hii zina tabia zilezile.

Kwa mtu wa mezani mwenye kitambi kama mimi, kazi yake bora kabisa ni ndogo: ukikaa muda mrefu, inatetema mkononi. Mke wangu akiniambia "inuka", huwa namjibu "ngoja kidogo". Saa haina masikio, basi nainuka.

Hesabu ya hatua ichukulie kwa makadirio. Kinachopimwa ni mkono unavyopunga, mguu hauonekani. Nikisukuma toroli dukani, mikono imetulia kwenye mpini, hatua nyingi zinapotea. Nikipiga mswaki napewa za bure. Ilikuja na lengo la hatua 10,000, namba ambayo haikutoka hospitali. Ilienea kupitia Manpo-kei, kifaa cha kuhesabia hatua kilichoanza kuuzwa Japani mwaka 1965, joto la Olimpiki za Tokyo likiwa halijapoa. Utafiti wa mwaka 2019 uliofanyika kwa wanawake wazee wa Marekani, wastani wa miaka 72, ulionyesha kuwa vifo vilipungua kadiri hatua zilivyoongezeka, lakini faida hiyo ikasimama kwenye hatua kama 7,500 kwa siku. Nikashusha lengo hadi hapo. Saa haikununa.

Mapigo ya moyo inayasoma vizuri, mradi mkanda umebana kidogo na saa iko juu ya kifundo, kwa sababu inamulika ngozi kwa mwanga wa kijani, ikilegea inabahatisha. Toa umri wako kwenye 220 upate makadirio ya mapigo ya juu kabisa: kwangu inabaki 168, na mwendo wa wastani, yaani asilimia 64 hadi 76 ya hayo, unaangukia kati ya mapigo 108 na 128 kwa dakika. Nikiwa hapo naweza kuongea lakini siwezi kuimba. (Anayetumia dawa za presha zinazopunguza mapigo asiifuate hesabu hii, amuulize daktari wake.)

Sasa kalori. Hapa ndipo saa inapoharibu. Baada ya matembezi inakuambia umechoma kiasi fulani, kisha programu yake kwenye simu inakuonyesha salio la kula, kama benki. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipima vifaa 7 vya mkononi. Kwenye mapigo ya moyo, 6 vilikosea kwa chini ya asilimia 5. Kwenye kalori, kilichofanya vizuri kuliko vyote kilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na cha mwisho asilimia 93. Ukienda jikoni na salio la namna hiyo, unajikuta umerudisha kwa kijiko ulichokitoa kwa jasho, na zaidi, halafu unashangaa suruali bado inabana. Ukurasa huo nimeufuta. Chakula nakipima kwa macho: nusu ya sahani mboga, kisha wanga na protini wagawane nusu iliyobaki. Baada ya chakula cha jioni natembea kidogo, kwani misuli inayofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu. Kwa hilo saa inanisaidia, nimeiwekea ukumbusho.

Usingizi sina la kusema, inaniambia nimelala wakati naangalia dari.

Lawama yangu kubwa ni kwenye mazoezi ya nguvu. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate walau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya misuli siku 2 au zaidi. Dakika saa inazisherehekea kwa fataki kwenye kioo. Lakini nikichuchumaa na kuinuka huku nimebeba uzito hadi mapaja yanatetemeka, inaandika kana kwamba nimesimama tu. Na misuli ndiyo inayotukimbia katika umri huu. Ukiifuata saa peke yake utatembea sana na hutanyanyua chochote.

Chaji inakaa siku kadhaa, hapo sina malalamiko. Mkanda wa mpira unawasha ukitoka jasho. Wa kitambaa una nafuu. Na kama fedha inatosha kununua kimoja tu kati ya saa hii na dambeli mbili (vile vyuma vya kunyanyua kwa mkono), nunua dambeli.