Sanduku jipya, moldi ya zamani: seti za modeli za magari ninazoshauri ununue ukiwa Dodoma

Wakuu, mwezi huu nimeulizwa mara tatu swali lile lile, seti gani ya modeli ya gari (vile vipande vya plastiki unavyounganisha mwenyewe) mtu anunue asije akajutia hela yake, na mara zote tatu muulizaji ananitumia picha ya sanduku. Sanduku halikwambii kitu. Seti nyingi za plastiki zinazouzwa leo ni za marudio, yani kampuni ina moldi yake ya chuma, ile kalibu ya kumwagia plastiki, tangu miaka ya 70 au 80, inaitoa stoo, inamwaga plastiki upya, inachora sanduku jipya na stika mpya, halafu mzigo unaingia sokoni kama umezaliwa jana. Hakuna ubaya hapo, moldi iliyochongwa vizuri inabaki nzuri hata ikifikisha miaka 30, ila iliyochongwa vibaya nayo inabaki vile vile.

Mwaka jana niliagiza Volkswagen Beetle ya skeli ya 1/24, yani ndogo mara 24 kuliko gari halisi, kampuni siitaji, sanduku limechorwa vizuri mno. Nikakaa mezani na rula. Beetle halisi ukipima kutoka katikati ya tairi la mbele mpaka katikati ya tairi la nyuma unapata milimita 2,400, gawa kwa 24 ni milimita 100 kamili, ndo gari rahisi kupima kuliko yote. Yangu ikatoka 96. Mtu atasema milimita 4 ni kitu gani, sasa zidisha kwa 24 uone, karibu sentimita 10 za gari halisi hazipo, na jicho linaliona hilo hata kama hujui kosa liko wapi, unaona tu mlango kama umebanwa. Nikageuza sakafu ya ndani ndo nikaelewa. Seti ile enzi zake ilitengenezwa itembee kwa mota na betri, Wajapani walitoa nyingi sana za namna hiyo, kwa hiyo sakafu ilipandishwa juu kupisha betri na viti vikakatwa chini vikawa vifupi. Mota imeshaondolewa siku nyingi ila sakafu imebaki huko huko juu.

Kwa hiyo kabla hujalipa tafuta kwanza umri wa moldi. Kule Scalemates, tovuti ya watu wa modeli, unaingiza namba ya seti inakuletea ukoo wake wote, ilitoka mwaka gani, imebadilishwa sanduku mara ngapi, na kama kuna vipande vipya vimeongezwa. Na la pili, ambalo mi naliona kubwa zaidi, chagua gari ambalo unaweza kutoka nje ukaliangalia. Hapa Dodoma tuna bahati, asubuhi barabara ya kwenda Mtumba mashangingi yanapita mpaka unachoka kuhesabu, Land Rover za zamani bado zipo, haisi ndo usiseme. Ukikwama kwenye umbo la taa au rangi ya chini ya bampa unatoka na simu yako unapiga picha (muombe dereva kwanza jamani, hasa gari za serikali).

Namba moja yangu ni Tamiya Toyota Land Cruiser 80 VX Limited, 1/24. Moldi ni ya miaka ya 90 mwanzoni na Tamiya wanairudisha sokoni mara kwa mara, kwa hiyo usikubali muuzaji akupandishie bei eti ni adimu, subiri itarudi. Vipande vinaingiana bila kulazimisha, puti ya kuziba mianya hutumii karibu kabisa. Vipimo vya gari halisi ni milimita 2,850 tairi hadi tairi, kwenye modeli inatakiwa uone karibu 119. Boneti haifunguki, injini unaiona kwa chini tu, kama wewe ni mtu wa injini itakuuma. Na kitu cha kuangalia, VX Limited ni toleo la soko la Japani, mlango wake wa nyuma unafunguka juu na chini, wakati 80 nyingi za mashirika tulizozizoea huku ni zile za milango miwili inayofungukia pembeni. Kwa hiyo ukitaka kutengeneza ile gari ya shirika uliyopanda ukiwa mdogo kwenda kijijini, nyuma itabidi uchonge mwenyewe kwa kipande cha plastiki bapa. Mi naona inastahili hiyo kazi.

Ya pili Hasegawa, Datsun Bluebird 1600 SSS ya mbio za magari za East African Safari za 1970, ile ya dereva Edgar Herrmann na msaidizi wake Hans Schüller. Hii naipenda kwa moyo wote kwa sababu yale mashindano yalianza 1953 yakiwa yanazunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, ni historia ya barabara zetu hizi hizi, halafu seti inatengenezwa Japani. Bodi iko sawa, kingo za madirisha ni nyembamba kama inavyotakiwa, na hapa ndo utaona faida ya toleo la marudio, stika za maji. Stika za seti iliyokaa dukani miaka 20 zinageuka njano na ukiziweka kwenye maji zinapasuka vipande, za toleo jipya zinateleza zinakaa. Ukiikosa chukua 240Z ya Safari ya 1971, kampuni hiyo hiyo, watu hao hao wawili, nyekundu yenye boneti nyeusi. Na kwa vumbi usinunue unga wa dukani, chukua udongo mwekundu wa hapa hapa, anika, chuja kwa soksi nyepesi mara mbili mpaka uwe kama poda, paka kwa brashi kavu chini ya milango na nyuma ya matairi halafu funika kwa vanishi isiyong'aa. Rangi inakuwa yenyewe kwa sababu ni yenyewe.

Ya tatu Revell Land Rover Series III ya 109. Hii sio marudio, moldi ni mpya, nimeiweka hapa kwa sababu wengi wananunua Land Rover za moldi za zamani wakati hii ipo. Injini imo. Kupima ni rahisi, 109 ni inchi za tairi hadi tairi, kwenye 1/24 inakuja milimita 115 na kidogo. Vipande ni vingi, jipe muda.

Nne, haisi za Aoshima. Moldi moja masanduku kibao, tofauti mara nyingi ni rimu tu na urembo, kwa hiyo chukua ya bei ya chini. Angalizo, haisi ya toleo la Super GL ina paa la chini, daladala nyingi ni zile za paa la juu, ukitaka daladala paa utaliongeza mwenyewe.

Airfix za 1/32 nampa mtoto au mtu anayeanza, zile zenye gundi, rangi na brashi ndani. Moldi zimechoka, plastiki imevuja pembeni, utakwangua sana kwa kisu na msasa, lakini bei inavumilika.

Mwisho kabisa naweka zile za Kimarekani za AMT na MPC, ambazo sasa zinatolewa na Round 2. Masanduku yake mazuri kuliko yote na ndo yanayodanganya watu wengi. Nyingi ni 1/25, ukiiweka karibu na 1/24 utaona imepungua, usukani uko kushoto, na zile za zamani zina nondo ya ekseli inayopita katikati ya injini. Pia moldi kadhaa zilikatwa zamani kutengeneza gari za mashindano, kwa hiyo umbo la kiwandani lilipotea, japo baadhi Round 2 wamezirudishia. Kama unazipenda gari zenyewe nunua, ila soma historia ya hiyo moldi kwanza.

Kuhusu rangi, makopo ya spray wauzaji wengi hawayatumi kwa ndege, kwa hiyo utaishia kwenye rangi za magari za hapa mjini. Nyingine zinakula plastiki, jaribu kwanza kwenye kijiko cha plastiki na usisahau praima. Piga rangi saa kumi na mbili asubuhi kabla upepo haujaamka, mwagia uwanja maji, pitisha tabaka jembamba, funika na beseni. Mchana wa Dodoma rangi inakauka hewani kabla haijafika kwenye bodi, inatua kama mchanga.

Anayejua anayeuza matairi ya mpira ya 1/24 ya saizi ya Land Rover hapa nchini aniambie, yangu moja limepotea.