Okidi ya sisimizi niliyonunua Mikocheni: mmea nyota tano, muuzaji mbili

Wapenda maua wenzangu, nimekaa na huu mmea miezi minne ndo naandika. Niliuchukua kwa kijana mmoja wa maua ya barabarani huku Mikocheni, elfu 85 baada ya kuvutana sana maana alianzia laki na ishirini, kibao kimeandikwa kwa maka peni Myrmecophila tibicinis, akaniambia "dada hii ya Mexico, hapa mjini huikuti". Sio zile okidi za mapokezi ya hoteli. Hii ina mashina yamevimba kama pembe za ng'ombe, refu kuliko yote lina kama sentimita 30, na majani magumu juu.

Nafika Sinza, naushusha kwenye bajaji, naona kila pembe chini imepakwa nta ya mshumaa. Nabandua moja kwa ukucha, tundu! Nagonga, linalia kama kopo. Nikajua nimepigwa, nimeuziwa kitu kimeoza ndani. Nampigia, wala hana wasiwasi, "hayo matundu nimeziba mimi dada, sisimizi walikuwa wanaingia, na dawa nimepuliza".

Usiku nikasoma, nikacheka peke yangu. Hilo tundu ni mlango jamani. Pembe ikikomaa inakuwa tupu ndani na mlango unajitokeza wenyewe chini, na kwao huko Mexico kushuka mpaka Costa Rica sisimizi ndo wanahamia humo, wanafukuza wadudu watafunaji, afu taka zao zote, mizoga ya wadudu, wenzao waliokufa, wanarundika humohumo, zinaoza, mmea unafyonza kupitia kuta za ndani. Kodi ya nyumba inalipwa kwa taka. Hata jina Myrmecophila ni Kigiriki, mpenda sisimizi, na hiyo tibicinis ni Kilatini, ya mpiga filimbi, maana watoto wa kule walikuwa wanazipuliza hizo pembe kama tarumbeta.

Na huyu kaka kaziba mlango kapuliza na sumu! Isitoshe kaupanda kwenye udongo mweusi na samadi wakati ni mmea wa juu ya miti, mizizi inataka hewa. Nilivyoutoa mizizi miwili ilishalainika. Nikaufunga kwenye gogo la mwembe kwa kamba ya katani, nikauweka barazani panapopigwa jua, na jua letu hili unalipenda kweli, umetoa chipukizi mpya. Maua bado.

Wiki ya sita hivi wakaja sisimizi wetu wa hapahapa, wale weusi wadogo wa jikoni. Namulika kwa simu naona watatu wanavuta bawa la kumbikumbi, haliingii mlangoni, wanaligeuza, haliingii, mwisho wakalikata. Nilisimama hapo mpaka wali ukaungua. (Hauhitaji sisimizi ili uishi, msije mkaanza kuwatafuta.)

Kingine, okidi zote ziko chini ya mkataba wa CITES, ule wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, ya kutoka nje ulizia karatasi. Mimi niliuliza nikajibiwa "usijali bosi".

Juzi nimepita kumweleza habari ya mlango, akasikiliza vizuri tu, afu akaniuliza "sasa hao sisimizi dada, wanauzwa wapi?" Nyota mbili, na moja ni ya kunipunguzia ile elfu 35.