Moduli ya `reboot` ya Ansible: siku seva ilipogoma kurudi

Nimetumia Ansible, zana ya kuendesha kazi kwenye seva nyingi kwa maelekezo yaliyoandikwa kwenye faili, kwa muda mrefu kupeleka programu na masasisho kwenye seva za mbali, na katika moduli zake zote (vipande vilivyo tayari, kila kimoja kwa kazi yake) hakuna ninayoithamini kama `reboot`, ya kuwasha upya seva. Kuwasha upya seva usiyoweza kuigusa ndiyo hatua inayoniweka roho juu kuliko zote. Faili likinakiliwa vibaya, unalinakili tena. Seva ikizima isirudi, huna hata pa kuingilia.

Walioanza karibuni hawakuipata taabu ya kabla ya toleo la 2.7 la mwaka 2018, moduli hii ilipoingia. Tuliandika amri ya `sleep 2 && shutdown -r now`, tukaweka `async: 1` na `poll: 0` ili Ansible isilalamike muunganisho unapokatika, kisha tukaiambia isubiri poti 22, mlango wa SSH (njia ya kuingia kwenye seva kutoka mbali), ifunguke. Hapo ndipo uongo ulipoingilia. Seva huchukua sekunde kadhaa kusimamisha huduma zake, na wakati huo SSH bado inaweza kujibu. Ansible inauliza, poti iko wazi, kazi inahesabiwa imekamilika, halafu hatua inayofuata inakatika katikati seva inapozima kweli. Ni sawa na kumbishia hodi mtu ambaye bado hajaondoka, akaitika, nawe ukatangaza kwamba amerudi safari.

Moduli hii haidanganyiki hivyo. Kwenye Linux, kabla ya kutoa amri inasoma `/proc/sys/kernel/random/boot_id`, kitambulisho ambacho kerneli (kiini cha mfumo endeshi) hukitengeneza upya kila inapowaka. Ikishatoa amri, inajaribu kuunganisha na kukisoma tena na tena mpaka ikione kimebadilika. Kisha inaendesha `test_command`, amri ya kuthibitisha kwamba seva imerudi, ambayo usipoigusa ni `whoami`. Muunganisho ukikatika ghafla kwa sababu seva imezima upesi, haihesabu kuwa ni kosa. Na ukiielekeza kwa bahati mbaya, kwa muunganisho wa `local`, kwenye mashine ileile unayoiendeshea Ansible, inakataa.

Thamani ya mpangilio huu niliiona tulipokuwa tunasasisha kerneli. Seva moja ilizimwa, ikawa kimya. Zikapita sekunde 600, muda wa kawaida wa `reboot_timeout`, kazi ikafeli. Lakini ujumbe wa kosa ulikuwa na maana: kilichoishiwa muda ni ukaguzi wa kuwaka, siyo `test_command`. Ingekuwa `test_command`, ningejua seva imewaka na ningeanza kuchunguza ndani yake. Kazi za namna hii naziendesha na `-vvv`, inayoonyesha maelezo ya kina, siku zote, kwa hiyo niliweza kusoma kila jaribio. Kama seva ingekuwa inajibu na kitambulisho kilekile cha zamani, maana yake isingekuwa imezima kabisa, na ningetafuta kinachoizuia kuzima. Hapa hapakuwa na jibu lolote. Ilizima kweli, ikakwama njiani ikiwaka.

Nikafungua konsoli ya mtoa huduma, njia isiyohitaji SSH. Seva ilikuwa imesimama kwenye hali ya dharura ya systemd, programu inayoanzisha huduma zote Linux inapowaka, inasubiri nenosiri la root, yaani msimamizi mkuu. Kumbukumbu za uwashaji, nilizozisoma kwa `journalctl -xb`, zikanipa jibu: kwenye `/etc/fstab`, faili la orodha ya diski za kupachika seva inapowaka, ulibaki mstari wa diski ambayo ilishaondolewa. Systemd ilisubiri sekunde 90 diski ijitokeze, haikujitokeza, na kwa kuwa mstari ule ulihesabiwa kuwa wa lazima, ikasimamisha uwashaji kabla SSH haijaanza. Hata ningeweka `reboot_timeout` ya siku nzima, isingesaidia kitu. Nilifuta mstari, nikawasha upya, seva ikarudi. Diski za data zilizobaki nikaziwekea `nofail`, ili ikikosekana uwashaji uendelee, na `x-systemd.device-timeout=10s`, ili isisubiriwe zaidi ya sekunde kumi, na sasa kabla ya hatua ya `reboot` kuna hatua ya `findmnt --verify` inayokagua fstab mapema.

Kilichoziokoa seva nyingine ni `serial: 1`. Ukipanga seva ziende moja moja, iliyofeli inasimamisha kazi nzima, zilizobaki haziguswi. Kuwasha upya kundi zima la seva bila mstari huo sikubali hata kidogo, na yeyote ninayemfundisha Ansible huanza na huo.

Naipa nyota nne kati ya tano. Nyota iliyopungua ni ya `pre_reboot_delay`. Unaiandikia sekunde, lakini kwenye Linux zinageuzwa kuwa dakika na kukatwa kwenda chini, kwa hiyo ukiandika 45 unapata sifuri. Maelezo rasmi yanalitaja hilo wazi, ila anayesoma faili la kazi la mwenzake hawezi kulikisia. Kadhalika `reboot_timeout` inahesabiwa mara mbili, kwanza kwa ukaguzi wa kuwaka kisha kwa `test_command`, hivyo dakika kumi ulizoandika zinaweza kufika ishirini.

`whoami` nayo ni kipimo chepesi mno. Inathibitisha kwamba unaweza kuingia tu, wakati hifadhidata huenda bado inajiandaa. Mimi naibadilisha kuwa `systemctl is-active` pamoja na jina la huduma ninayoijali, na moduli inaendelea kuuliza mpaka huduma ianze kufanya kazi au muda uishe. Kwenye mashine halisi (siyo za kuigwa kwa programu) zenye kumbukumbu kubwa, ambazo hukagua vifaa vyake taratibu kabla hata kerneli haijaanza, sekunde 600 ni chache. Hizo naziandikia 1800.